Mahari ya Bastola Mbili

Baba mkwe wangu alitaja mahari ya binti yake mwezi wa kumi, mezani kwake, Inver Grove Heights, jimbo la Minnesota huko Marekani, baada ya kukataa kutaja chochote kwa muda wa saa nzima. Alisema, "Basi, kama ni lazima, kuna zile bastola za Kitaliano. Zile za kizamani. Jozi. Lakini msisumbuke."

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, shahada mbili, na kazi katika ofisi moja ya serikali ya jimbo huko Saint Paul, ambako nilikagua fomu za watu na kuwarudishia walipokosea. Bastola sikuwa nimewahi kushika. Kwetu Upareni mwenye silaha alikuwa bwana wanyamapori peke yake, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwatishia nyani.

Habari ya mahari ilianzia kwa baba yangu. Alikuwa mwalimu mstaafu, na kuhusu ndoa yangu aliniandikia barua mbili. Ya kwanza ilikuwa na kurasa nne na ilizungumzia mvua. Ya pili ilikuwa na aya moja. Alisema hana neno na msichana, hana neno na rangi yake wala kanisa lake, lakini hawezi kumwita mkamwana mtu ambaye mzazi wake hajaombwa. Nitafute mshenga, twende tukaombe, mzee ataje anachotaka, nikitoe bila kupunguza wala kubadilisha, kisha mzee atie saini karatasi inayosema amepokea na ameridhika. Karatasi hiyo ikimfikia, atanibariki. Isipomfikia, nifunge ndoa kama wanavyofunga watu wengine. Hatanizuia, ila yeye hatakuwa na habari.

Nilimtafsiria mchumba wangu barua hiyo. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu na alizoea watu wenye masharti.

"Mimi naolewa mwezi wa sita," alisema. "Nitafurahi sana baba yako akiwa na habari."

"Na asipokuwa nayo?"

"Mwezi wa sita utafika tu."

Kwa hiyo kila mmoja alikuwa amesimama mahali pake, isipokuwa mimi. Kumwacha nisingeweza. Kuoa huku baba yangu amekaa barazani hana habari, hilo nalo nilijaribu mara nyingi kulipiga picha kichwani, na kila mara picha ilikatika mlangoni mwa kanisa. Nikaona afadhali nitafute mshenga.

Nilimpata kanisani. Alikuwa Mkenya wa makamo, muuguzi katika hospitali moja ya Saint Paul, aliyekulia kwenye ng'ombe huko Bonde la Ufa. Kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa amewaombea posa vijana kumi na mmoja na wote bado walikuwa kwenye ndoa, isipokuwa wawili, ambao hawakumsikiliza. Nilimwita Mzee. Yeye aliniita kijana, na nilipomwudhi aliniita Mtanzania.

Siku ya posa alivaa suti ya kahawia na kuketi mkabala na baba mkwe, katikati yao kukiwa na bakuli kubwa la nyama ya kusaga na viazi vilivyookwa pamoja. Baba mkwe alikuwa amechonga vipuri vya mashine katika kiwanda kimoja huko Fridley kwa miaka thelathini, na alikuwa mtu wa maneno machache, yote ya upole. Mzee alimweleza kwa Kiingereza kizuri tulichokuja kufanya. Baba mkwe akajibu kwamba hakuna haja. Mzee akaeleza tena. Baba mkwe akasema ni wema wetu, lakini kweli hakuna haja.

Mzee aliniinamia. "Huyu anatukataa?" aliniuliza kwa Kiswahili.

"Hapana, Mzee. Ni adabu ya huku. Ukipewa kitu unakataa mara tatu kwanza."

"Amekataa mara tano."

"Ana adabu sana."

Ndipo binti yake alipomwambia, "Baba, taja kitu chochote," naye akatazama nje ya dirisha kwa muda mrefu, kuelekea gereji, akataja bastola. Kila Jumamosi ya kiangazi alikuwa akienda kwenye klabu ya watu wazima, wengi wao mafundi wastaafu na madaktari wa meno, ambao huvaa kofia na mabuti ya wachunga ng'ombe wa miaka mia iliyopita na kulenga shabaha za vibati vya chuma. Mchezo huo unadai bastola mbili kiunoni, za mtindo wa zamani ule ule: kabla ya kila risasi ni lazima urudishe nyundo nyuma kwa kidole gumba, risasi sita mara sita. Yeye alikuwa na moja, kuukuu, na ya pili alikuwa akiazima kwa rafiki. Hilo la kuazima lilimkera, lakini hakuwahi kulisema mpaka siku hiyo.

Mzee alilipokea ombi kwa heshima, kisha, kwa mazoea ya miaka mingi, akaanza kazi yake.

"Tumesikia, mzee mwenzangu. Lakini jozi ni mzigo mkubwa. Sisi ni wageni huku. Tunaomba tuanze na moja."

"Moja inatosha kabisa," alisema baba mkwe. "Au hata tuache. Nani anataka kahawa?"

Mzee aliweka uma chini. "Kijana," aliniambia kwa Kiswahili, "huyu baba anafanya nini? Ameshuka mpaka chini mara moja."

"Amekubali ombi lako."

"Haruhusiwi kukubali. Anatakiwa aseme tatu, mimi niseme moja, tu-meet kwa mbili. Mwambie apande."

Hivyo nikamgeukia baba mkwe wangu na kumwomba, kwa heshima zote, anidai zaidi. Alimtazama mkewe. Mkewe alitazama bakuli. Binti yao akasema, "Baba, sema mbili, na usitoke hapo."

"Mbili," alisema baba mkwe, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa la barabarani.

Mzee alishusha pumzi, akatikisa kichwa, akalalamika kidogo juu ya ugumu wa maisha, akakubali kushindwa. Walipeana mikono. Ndani ya gari aliniambia alikuwa hajawahi kupata kazi ngumu hivyo, kumsaidia mtu wa upande wa pili akushinde.

Lakini hakuna aliyekuwa ametaja kiwanda. Nilirudi mlangoni kuuliza. Baba mkwe alisema chochote kitafaa. Mama mkwe, nilipompigia simu kisirisiri, alisema atafurahi na yoyote ile. Mchumba wangu alisema hata yeye, aliyeishi naye miaka ishirini na minane, hajui baba yake anapenda kitafunwa gani, seuze bastola. Baba yangu alikuwa ameagiza nitoe kilichotajwa bila kubadilisha, na kilichotajwa kilikuwa nusu ya jina.

Nilifanya nilichofundishwa chuo kikuu. Kwa wiki tatu nilikwenda maktaba kila baada ya kazi nikasoma majarida ya silaha, na nikachora jedwali. Nilijifunza kwamba bastola hizi ni za kuiga: wenyewe wa kwanza walizibuni Amerika karne ya kumi na tisa, na sasa Waitaliano ndio wanaozichonga upya na kuwauzia Wamarekani wanaoikumbuka karne hiyo bila kuwepo. Viwanda vilikuwa viwili, vyote katika bonde moja, kama majirani wanaouza vitumbua vya aina moja. Kimoja kilipakia bastola zake katika masanduku mekundu, kingine ya kijani, na katika jedwali langu niliviita hivyo, Nyekundu na Kijani. Kulikuwa pia na bastola iliyotengenezwa papa hapa Marekani, imara kuliko zote, lakini ndani yake walikuwa wameweka kifaa cha usalama ambacho karne hiyo hakikuwapo, na watu wa klabu waliiona kama udanganyifu. Jarida moja lilisema Nyekundu ndiyo bora kwa mwenye kujua. Jarida jingine lilisema hivyo hivyo kuhusu Kijani, kwa maneno yanayofanana mno, nikashuku kwamba mwandishi alikuwa mmoja. Mwisho wa wiki ya tatu jedwali langu lilikuwa na safu kumi na nne na halikuwa na jibu.

Kibali cha kununua nilikiomba kituo cha polisi. Afisa aliuliza bastola mbili za nini. Nikasema ni zawadi kwa baba wa mchumba wangu. Alitafakari kidogo, akasema mchumba wa binti yake hajawahi kumpa hata glavu.

Duka lilikuwa Fridley, jirani na wauza matairi. Tulikwenda na Mzee Jumamosi moja mwezi wa kwanza, barabara zikiwa na barafu. "Nita-drive mimi," alisema. "Wewe una mawazo." Mwenye duka alikuwa mtu mkubwa mwenye ndevu na uvumilivu. Nilimweleza shida yangu nikamfunulia jedwali. Alilisoma lote, kwa heshima, kisha akaweka bastola mbili juu ya kioo, moja ya kila kiwanda, akasema, "Vuta nyundo."

Nilivuta ya Nyekundu. Ilirudi nyuma kwa milio minne midogo, laini, kama droo ya kabati zuri. Chuma chake kilikuwa na weusi wenye ubluu ndani, wa kujitazama sura. Nilivuta ya Kijani. Hiyo ilirudi kama komeo la choo cha shule. Kishikio chake cha mbao kilipakwa vanishi nyekundu ya kupindukia, na pembe moja ya fremu ilikuwa bado na ukali wa tupa.

"Zote mbili zina chuma kizuri," mwenye duka alisema. "Tofauti ni kwamba hii Nyekundu wameimaliza wao. Hii nyingine wanakuachia umalizie."

Hata mimi nikaelewa. Na kama vile hilo halikutosha, aliinama akatoa chini ya kaunta masanduku mekundu mawili aliyokuwa ameyatenga. Namba za bastola hizo zilikuwa zimefuatana, ya kwanza ikiishia na moja, ya pili na mbili. Alisema jozi ya namna hiyo hupatikana kwa nadra na watu wa klabu huitamani. Nilihisi wiki zangu tatu zikipata maana. Niliingiza mkono mfukoni kutoa kibali.

"Zimefuatana vipi?" Mzee aliuliza.

"Zilitoka pamoja kiwandani," alisema mwenye duka, akitaka kusaidia. "Ni kama zimezaliwa siku moja."

Mzee alirudisha ile aliyoshika sandukuni akafunika.

"Pacha," aliniambia kwa Kiswahili. "Hizi hatutoi."

"Kwa nini, Mzee?"

"Ng'ombe akizaa pacha, dume na jike, yule jike mara nyingi ni tasa. Kila mfugaji anajua. Huwezi kupeleka pacha kwa watu kama mahari, watasema umewatafutia hasara."

"Lakini hizi ni chuma."

"Naona ni chuma. Mimi ni nurse, Mtanzania, si mjinga. Lakini mkikaa miaka mitatu bila mtoto, hiyo chuma haitaulizwa. Nitaulizwa mimi."

Ningeweza kujibu. Nilikuwa na shahada mbili, jedwali la safu kumi na nne na ushahidi wa kidole gumba changu mwenyewe. Lakini mshenga hapingwi mbele ya watu, na, kusema kweli, nilijiona miaka mitatu mbele, bila mtoto, nikikumbuka kaunta ile. Elimu yangu yote ilisimama pale dukani ikanitazama. Nikasema, "Basi tuangalie za Kijani."

Mzee aliomba zote. Zilikuwa saba, na mwenye duka alizipanga juu ya kioo. Hapo Mzee alivua koti. Alipita mbele ya bastola polepole, akarudi kinyumenyume. Alizipima uzito mkononi moja moja, akachungulia mitutu kama anayeangalia meno, akazipitishia kiganja mgongoni. Moja aliiacha mara moja kwa sababu ya rangi ya kishikio, akisema ina sura ya ugonjwa. Nyundo hakuvuta hata moja. Baada ya nusu saa alichagua mbili ambazo namba zake zilikuwa mbali kabisa.

"Sijawahi kuona mtu akichagua hivi," alisema mwenye duka. "Watu huchagua kiwanda."

"Wewe unauza jina la ukoo," Mzee alimwambia kwa upole. "Sisi tunapeleka mmoja mmoja."

Tulizipeleka wiki mbili baadaye, alasiri, theluji ikiwa imefika usawa wa madirisha ya chini. Mzee alikuwa amezifunga kwa kitenge kipya. Kwenye mfuko wa koti alikuwa na karatasi aliyoiandaa mwenyewe kwa mashine ya kuchapa, kwa ajili ya baba yangu: kwamba mimi fulani, baba wa fulani, nimepokea bastola mbili, nzima, zisizo na kasoro, nimeridhika, na sina dai jingine.

Baba mkwe alinawa mikono kwanza. Alifungua kitenge, akakikunja vizuri, akampa mkewe. Alihakikisha bastola hazina kitu ndani. Kisha alichukua ya kwanza akavuta nyundo taratibu, akaiachia taratibu, mara sita, kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza mtoto akipumua. Akaiweka chini. Akachukua ya pili. Mara moja, mbili, tatu, nne. Akasita. Alianza upya, na safari hii alifumba macho.

"Nzuri sana," alisema. "Asanteni sana. Kweli hamkupaswa."

Mzee akatabasamu, akamwekea karatasi na kalamu. Baba mkwe alivaa miwani akasoma. Niliwahi kuona watu wakisoma mikataba ya nyumba kwa haraka zaidi.

"Hapa pameandikwa zisizo na kasoro," alisema.

"Ndiyo," alisema Mzee.

"Hii ya pili inakwama kidogo. Chumba cha nne cha risasi."

Alilisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekuarifu kwamba kamba ya kiatu chako imefunguka.

"Kidogo kiasi gani?" niliuliza.

"Kidogo sana. Wengi wasingeona."

"Basi, Baba, tia saini," binti yake alisema.

"Siwezi, mpenzi. Inasema hazina kasoro."

"Unaweza kuandika karibu hazina," alisema mama mkwe.

"Karibu haifiki Tanzania, mama," Mzee alimjibu. Alikuwa ameanza kutoka jasho. Alinigeukia. "Mwambie kwetu mtu akipokea ng'ombe hasemi anachechemea mbele ya mwoaji. Anasema asante, na akienda nyumbani anamwambia mkewe."

Nilimtafsiria hayo baba mkwe. Alisikiliza kwa makini. Alisema anaelewa, na kwamba ni desturi nzuri, lakini karatasi itakwenda kwa mtu asiyemjua, na hawezi kuanza naye kwa jambo lisilo kweli. Alisema hivyo huku ameshika kalamu, ameilaza, hataki kuonekana kama anayekataa.

Nilimtazama mchumba wangu. Alikuwa anatazama kalenda iliyokuwa ukutani, na sidhani alikuwa anatafuta tarehe ya siku hiyo. Nikaona jinsi itakavyokuwa. Karatasi isiyo na saini itarudi mfukoni mwa Mzee. Nitamwandikia baba yangu kwamba mkwe mwenzake ni mtu mwema ambaye hakukubali kutia saini, na baba yangu, aliyesahihisha insha za watoto kwa miaka thelathini na mbili, atasoma mara moja tu. Yote hayo kwa sababu ya chumba cha nne.

"Tutazirudisha," alisema Mzee. "Tutaleta nyingine."

"Kuzirudisha?" Kwa mara ya kwanza baba mkwe alionekana kuudhika. "Kwa nini mzirudishe?"

Hapo nikakiri. Nilimwambia kwamba kulikuwa na nzuri zaidi, za Nyekundu, namba zimefuatana, laini kama droo, na kwamba tuliziacha pale pale juu ya kioo. Sikueleza sababu. Mzee alikuwa ameketi pale na sikutaka neno tasa litamkwe mbele ya mama mkwe.

"Zile pea?" baba mkwe alisema. "Nimezishika mara nyingi pale dukani. Nzuri mno. Hakuna cha kufanya nazo."

Mpaka leo watu huniuliza kama hiyo haikuwa adabu tu ya Minnesota. Ninawajibu kwamba mtu huyo alikuwa na karatasi mbele yake ambayo adabu ingemfanya aitie saini zamani.

Alisimama, akachukua bastola zote mbili. "Njoo unishikie taa," aliniambia.

Chini ya nyumba, kule wanakoita besimenti, alikuwa na benchi la kazi lenye vifaa vilivyopangwa kwa ukubwa. Alifungua skrubu moja baada ya nyingine na kuziweka juu ya kitambaa kwa mpangilio wa zilivyotoka. Alinionyesha ndani. Kuna kidole kidogo cha chuma ambacho, unapovuta nyundo, hupanda na kusukuma silinda ili chumba kinachofuata kije mbele ya mtutu. Kwenye ncha ya kidole hicho palikuwa na ukingo usiozidi unene wa unywele, ambao kiwanda cha Kijani hakikuujali, na kwenye chumba cha nne ulikuwa unagusa. Alichukua jiwe la kunolea, jembamba kama kipande cha biskuti, akapitisha mara tatu. Akakirudisha, akavuta, akasikiliza. Akakitoa tena. Mara mbili nyingine.

Nilikuwa nimemfahamu kwa miaka miwili, na katika muda huo alikuwa amenizungumzia juu ya theluji, petroli, na mara moja, samaki. Chini pale alizungumza kwa saa mbili mfululizo. Alinieleza kwamba sehemu za ndani za Kijani zimefuata ramani ile ile ya zamani, kwa hiyo kila kitu kinatoka na kila kitu kinarudi, na mtu mwenye jiwe na subira anaifanya iwe anavyotaka. Aliniambia kwamba tangu astaafu vidole vyake vinakosa kitu cha kusahihisha. Nilimwambia kwamba mimi kazi yangu ni kusahihisha fomu. Aliniuliza kama fomu nazo hukwama mahali pamoja. Nikasema ndiyo, karibu kila mara ukurasa wa pili. Aliitikia kwa kichwa kama aliyeambiwa jambo la kifundi.

Alipomaliza ile mbovu aliifungua na ile nzima. Nilimuuliza ina nini. Akasema haina kitu, ila sasa isingelingana na mwenzake. Safari hii alinipa mimi jiwe. Nilipitisha mara moja, akanishika kifundo cha mkono akakigeuza kidogo, nikapitisha tena. Nilikwaruza mahali ambapo, alisema, hapataonekana mpaka mimi na yeye tuwe tumekufa.

Tulipopanda juu Mzee alikuwa amelegeza tai na anamweleza mama mkwe jinsi ya kumsaidia ng'ombe anayezaa mtoto aliyelala vibaya. Baba mkwe aliketi, akavuta nyundo zote mbili mara sita sita, akavaa miwani, akaisoma karatasi tangu mwanzo kana kwamba huenda ilikuwa imebadilika. Kisha akaandika kitu pembeni kwa mkono, mistari miwili, na chini yake akatia saini, tarehe na saa.

Mzee alisoma kwa sauti. "Moja ilikuwa ikikwama chumba cha nne. Tumeirekebisha leo, mimi na mkwe wangu." Akaishusha karatasi. "Ameandika kasoro," aliniambia kwa Kiswahili. "Kwa karatasi ya mahari. Sijawahi kuona."

"Niitume?"

"Utafanyaje? Itume. Lakini ukijibiwa vibaya, usiseme mshenga alikuwa nani."

Niliituma Jumatatu kwa rejista, pamoja na barua yangu fupi iliyoeleza habari ya kidole cha chuma, ukingo wake na jiwe la kunolea. Wiki sita zilipita bila kitu. Mchumba wangu aliagiza kadi za mwaliko na kuniuliza, bila kunitazama, majina ya wazazi wangu yaandikwe au yasiandikwe. Nilimwambia asubiri. Alisubiri mpaka mchapaji akapiga simu mara ya pili.

Barua ilipofika haikuwa yangu. Ilipitia kwangu tu. Juu ya bahasha ya ndani baba yangu alikuwa ameandika jina la baba mkwe, kwa mwandiko wa ubaoni. Niliendesha gari hadi Inver Grove Heights nikampa. Aliifungua kwa kisu cha matunda akaisoma, kisha akanipa nisome, kwa kuwa aliona siwezi kukaa.

Ilikuwa kwa Kiingereza cha mwalimu mkuu. Baba yangu alisema amepokea karatasi na ameridhika, ndoa ifungwe, na jina lake na la mama yangu yaandikwe kwenye kadi. Alisema kilichomridhisha ni ile mistari miwili ya pembeni, kwa sababu karatasi yenyewe ingeweza kuandikwa na mtu yeyote. Hayo yalichukua nusu ukurasa. Ukurasa mmoja na nusu uliobaki ulikuwa maswali. Alitaka kujua ukingo huo ulikuwa upande gani wa kidole hicho cha chuma, na jiwe lililotumika ni la mafuta au la maji, na chembe zake ni za kiasi gani, kwa kuwa yeye hunoa visu vyake kwa jiwe la mtoni na siku zote ameona linakula chuma kuliko inavyofaa.

Mama mkwe alisema kahawa iko tayari. Nilisema maswali hayo si lazima yajibiwe leo, na kwamba mimi ninaweza kumwandikia baba yangu kwamba ni jiwe la kawaida. Baba mkwe alinitazama kwa namna ambayo sasa nilikuwa nimeanza kuielewa. Alichukua barua, akachukua penseli, akateremka chini kuangalia.